Anza na Ben Lomond, Ben Nevis itakungoja

Dada, umeuliza kama Julai hii upande Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Scotland, kwa raba, ukiwa hujawahi kupanda mlima wowote huko. Mimi nakushauri uanze na Ben Lomond. Mlima huo una urefu wa mita 974 tu, hauko mbali na Glasgow unakoishi, na njia ya kutoka Rowardennan inaonekana vizuri. Tenga saa tano hivi kwenda na kurudi, upate na nafasi ya kukaa juu ukitazama ziwa la Loch Lomond lililo chini yake na visiwa vyake. Mandhari hiyo haielezeki!

Raba ziache nyumbani. Ardhi ya kule hushika maji hata kiangazi, na mawe yakilowa huteleza. Vaa buti zinazoshika kifundo. Jua la asubuhi lisikudanganye: kileleni upepo ni mkali na ukungu hushuka ghafla. Beba sweta, koti la mvua, ramani ya karatasi na dira, kwani simu huishiwa chaji.

Halafu kuna visubi, wale wadudu wadogo sana wanaouma. Jioni isiyo na upepo wanauma vibaya mno, kwa hiyo usipumzike kando ya maji. Kaa penye upepo.