Ukisema “half-cocked”, unazungumzia bunduki

Kiingereza kina misemo mingi ya kumsema mtu aliyeingia kwenye jambo bila kujiandaa, na “to go off half-cocked” hukosewa sana. Wengine humtajia mtu aliyeshtukizwa. Sivyo. Huyu hakushtukizwa na yeyote, amekurupuka mwenyewe.

Msemo umetoka kwenye gumegume, bunduki iliyotawala vita vya Ulaya hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Nyundo yake hubana kipande cha jiwe, na kwa kuwa imepinda kama kichwa cha kuku anayedonoa, Waingereza waliiita “cock”, yaani jogoo. Ndani ya mtambo, nyundo imeungana na chuma chenye mapengo mawili. Ukiivuta nusu, kiulimi cha chuma huzama kwenye pengo la kwanza, ambalo lina kina makusudi: hata ukibonyeza kifyatulio, kiulimi hakichomoki. Ukiivuta hadi mwisho, kiulimi hukaa kwenye pengo la pili, lisilo na kina. Hapo kidole kikikaza kidogo tu, bunduki inalia.

Askari akijaza bunduki, usalama wake ulikuwa kwenye nusu hiyo. Alirarua kwa meno karatasi iliyofungiwa risasi na baruti, akamimina baruti kidogo kwenye kisahani cha ubavuni, akafunga kifuniko. Kisha alisimamisha bunduki, akamimina baruti iliyobaki kwenye mdomo wa mtutu, akatia risasi na kushindilia kwa mdeki. Angalia mpangilio huo: baruti ya kuwashia imeshawekwa, na mkono bado uko juu ya mtutu! Pengo likiwa limelika au ncha ya kiulimi imevunjika, nyundo huanguka bila kuamriwa. Aliyewahi kuona gobori likishindiliwa ataelewa hofu yake.

Wapo wanaoeleza kwamba bunduki iligoma kwa kuwa ilivutwa nusu. Maneno “go off” yanakataa: imelia, ila kabla ya wakati.

Kwa hiyo mwambie mwenzako anayetaka kumjibu bosi kwa hasira, “Don't go off half-cocked, read the letter first.” Waingereza husema zaidi “go off at half-cock”, na huutumia hata kwa mpango ulioanzishwa haujaiva ukaharibika. Aliyeulizwa swali asilolitarajia kwenye usaili ni “caught off guard”. Wazo lisilofikiriwa vizuri ni “half-baked”. “Jump the gun” ni kuanza kabla ya ruhusa, kama mkimbiaji anayetoka kabla ya bastola, na huyo huenda amejiandaa kuliko wote.

Kwenye barua rasmi uache, andika “without preparation”. Na usiukatekate: “cock” peke yake ina maana nyingine ambayo hutaki kuitamka kikaoni. Ukiutafsiri kwa Kiswahili, sahau bunduki, “kukurupuka” inatosha.