Maswali yenu: Ninunue sasa au nisubiri prosesa mpya?

Barua za safari hii karibu zote zina wasiwasi mmoja. Mtu ana hela mkononi, kompyuta yake ya mezani imechoka, na kila akikaribia kulipa anasikia kuna kizazi kipya njiani. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Wahariri, hamjambo? Nina Ryzen 5 2600 kwenye bodi ya B450, RAM GB 16 za DDR4 na kadi ya picha RTX 3060. Nimesubiri AM5, soketi (tundu la prosesa) mpya ya AMD, ishuke bei, sasa nasikia kuna kizazi kingine kinakuja. Nisubiri hadi lini? (Msomaji, Mombasa)

Hatujambo. Unachokihitaji kilishatoka zamani, ndugu yetu. Soketi yako ya AM4 ilianza kubeba Ryzen Machi 2017, na bodi za B450 hupokea hata Ryzen 5000 mradi BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta) isasishwe. Ryzen 5 5600 ina viini 6 kama yako, lakini kila kiini kinafanya kazi kwa kasi kubwa zaidi. Ni ya wati 65 zilezile, na kwenye boksi inakuja na kipoza chake. Kama gemu ndiyo kazi kubwa, tafuta 5700X3D: viini 8 na kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya MB 96, mara tatu ya 5700X ya kawaida. Hiyo ni ya wati 105 na haiji na kipoza, kwa hiyo kile kidogo cha 2600 kiweke kando. Kuhamia AM5 kungekudai bodi mpya na RAM mpya juu ya prosesa, maana AM5 haipokei DDR4 kabisa.

Anza na BIOS, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Fungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa bodi, uandike jina kamili, namba ya toleo la bodi na toleo la BIOS. Kisha tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji orodha ya prosesa zinazokubalika kwa bodi hiyohiyo, si ile inayofanana nayo jina, uone prosesa unayoitaka inaanza na BIOS ipi. Faili liweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ingia BIOS, uandike. Kompyuta iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi isiyo na kitufe cha Flashback (cha kuandika BIOS bila prosesa) itabaki kumsubiri fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Soma pia maelezo yaliyo chini ya kila toleo: bodi zenye chipu ya BIOS ya MB 16 hazina nafasi ya prosesa zote, na matoleo mapya huacha baadhi ya zile za zamani.

Mambo mawili huwaponza watu hapa. Kwanza, ukiwasha na prosesa mpya, bodi inaweza kukuuliza kama ufute funguo za fTPM (hifadhi ya siri za usalama iliyo ndani ya prosesa). Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, simamisha BitLocker kabla ya kuanza na uhifadhi namba yake ya kurejesha mahali pengine. Ukibonyeza Y bila namba hiyo, mafaili yako umeyaaga. Pili, pini za AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe. Pesti ya joto iliyokauka hushika kama gundi, ukivuta kipoza prosesa inachomoka nayo huku soketi ikiwa imefungwa, na pini zinapinda. Kwa hiyo endesha kazi nzito dakika 10 hadi 15 pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, fungua skrubu, zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie, ndipo uinue.

Wakuu, habari za kazi? Nina Core i7-8700 kwenye bodi ya Z370. Nikisubiri Intel mpya itaingia kwenye bodi yangu? (Msomaji, Dodoma)

Haitaingia. Soketi yako, LGA1151, ilitoka 2015. Mwaka 2017 kizazi cha 8 kikaja na idadi ileile ya pini lakini kikadai bodi za mfululizo wa 300. Ikafuata LGA1200 mwaka 2020, LGA1700 mwaka 2021 iliyobeba vizazi vya 12, 13 na 14, kisha LGA1851 Oktoba 2024. Bodi yako inaishia kizazi cha 9, na i9-9900K iliyotumika haina maana kwako ila ukiipata kwa bei ya kutupwa.

Ukianza upya, jiulize kama ni mtu wa kubadilisha prosesa bila kugusa bodi. Kama ndiyo, AM5 inakufaa zaidi: ilitoka Septemba 2022 kwa ahadi ya kufika 2025, halafu AMD ikaisogeza ahadi hiyo hadi 2027. Kwa uhariri wa video na kazi za kukokotoa, Core Ultra 7 265K ya LGA1851 yenye viini 20 si ya kudharauliwa hata kidogo. Kwenye gemu, ilipotoka, prosesa za familia hiyo mara nyingi ziliachwa nyuma na kizazi cha 14 cha Intel yenyewe, na ndiyo sababu waliokuwa wakiisubiri kwa hamu walinyong'onyea.

Kuna jamaa anauza Core i9-13900K iliyotumika, bei yake inavutia sana. Nichukue badala ya kungoja? (Msomaji, Nairobi)

Taratibu, kaka. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 za mezani, za wati 65 na kuendelea, zilikuwa na tatizo la kujiombea volteji kubwa mno, na sehemu ya ndani ya prosesa ikachakaa kabla ya wakati. Intel ilitoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa), 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba 2024. Marekebisho hayo yanazuia madhara mapya tu. Iliyokwisha kuchakaa haiponi.

Usinunue bila kuijaribu ikiwa ndani ya kompyuta. Sakinisha dereva ya kadi ya NVIDIA kutoka kwenye faili lake lililobanwa. Prosesa mbovu mara nyingi hukwama hapo kwa kudai faili limeharibika. Endesha kipimo cha 7-Zip na Cinebench kwa nusu saa. Fungua gemu iliyotengenezwa kwa Unreal Engine: ikikuambia kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa wakati kadi ina nafasi tele, rudisha hela mfukoni. Uliza pia kama ni ya boksi na kama risiti ipo, kwa sababu Intel iliongeza miaka 2 ya dhamana kwa prosesa hizo za boksi, ikawa 5. Ukiichukua, sasisha BIOS kwanza kabla ya lolote na uchague mipangilio ya msingi ya Intel, si ile ya mtengenezaji wa bodi.

Asalaam aleikum. Nimefunga Ryzen 7 9700X kwenye bodi ya B650 na RAM vijiti 4 vya GB 16, DDR5-6000. Feni zinazunguka lakini skrini nyeusi. Bodi mbovu? (Msomaji, Unguja)

Waaleikum salaam. Tunaitilia shaka BIOS kuliko bodi. Ryzen 9000 zilitoka Agosti 2024. Bodi ya B650 iliyokaa dukani tangu kabla ya hapo huenda haiijui prosesa yako. Tazama nyuma kama kuna kitufe cha Flashback. Kikiwepo, weka faili la BIOS kwenye flashi ya FAT32, ulipe jina linalotajwa kwenye kitabu cha bodi (wengi hukosea hapa), chomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, waya mkubwa wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa ziwe zimeunganishwa, kisha bonyeza kitufe kwa sekunde chache. Taa itamweka dakika kadhaa. Ikizimika yenyewe, kazi imekwisha. Prosesa na RAM wala hazihusiki.

Baada ya hapo toa vijiti viwili. Viwili vinavyobaki vikae A2 na B2, yaani nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Washa, halafu vumilia. DDR5 hupimwa na bodi mara ya kwanza, na muda huo skrini huwa nyeusi kwa dakika kadhaa. Wengi huzima hapo wakidhani imekwama, na upimaji unaanza upya. Wanaweza kukesha hivyo. Bodi nyingi zina taa ndogo ya DRAM: ikiwaka bila kubadilika kwa zaidi ya robo saa, hapo ndipo kuna tatizo.

Ikiwaka vizuri, ingia BIOS uwashe EXPO (mipangilio ya kasi ya RAM) ili RAM ifike 6000. Vile vijiti 4 ungeviuza. AMD yenyewe inaahidi 3600 tu ukijaza nafasi zote nne, dhidi ya 5600 kwa vijiti viwili. Ukihitaji GB 64, nunua viwili vya GB 32. Kama kompyuta inachelewa kila ukiiwasha, tafuta kipengele cha Memory Context Restore ukiwashe. Windows ikianza kuanguka ovyo baada ya hapo, kizime.

Niko Muscat, bei hapa si mbaya. X870 ndiyo bodi bora kuliko B650 na B850? (Msomaji, Oman)

Si lazima. X870 zilitoka mwisho wa Septemba 2024, na jambo kubwa lililoongezwa ni sharti la kuwa na USB4 (USB ya kasi kubwa) pamoja na PCIe 5.0 (njia za data za ndani) kwa kadi ya picha na diski moja. USB4 hiyo inakula njia 4 za data za prosesa, kwa hiyo kwenye bodi nyingi ukijaza nafasi ya pili ya diski ya M.2, kasi ya USB4 inapungua au njia za kadi ya picha zinagawanywa. Soma jedwali la kugawana njia kwenye kitabu cha bodi kabla ya kulipa. Kama huna kifaa cha USB4, chukua B850 au B650 nzuri, na tofauti ya bei iende kwenye bodi yenye mfumo imara wa umeme wa prosesa na vyuma vya kupozea vinavyoonekana kwa macho. B840 iache: jina lake linaifanya ionekane ndugu wa B850, ila prosesa huwezi kuiongezea kasi na chipseti yake (chipu kuu ya bodi) imebaki PCIe 3.0.

Kipoza changu cha AM4 kitakaa kwenye AM5? (Msomaji, Arusha)

Kama kinafungwa kwenye bati la nyuma linalokuja na bodi, ndiyo. Kama kina bati lake mwenyewe, hapana, kwa sababu bati la AM5 ndilo linaloshika soketi na haliondolewi. Waulize waliokitengeneza kama wana vifungio vipya.

Prosesa mpya ikitangazwa, ni vizuri kuagiza siku hiyohiyo? (Msomaji, Kampala)

Angalia yaliyotokea. Ryzen 7 7800X3D ilitoka tarehe 6 Aprili 2023, na kabla mwezi haujaisha zikaanza kuonekana picha za prosesa za X3D zilizoungua kwenye soketi. BIOS mpya zikaja kuzuia volteji ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM na mengineyo) isipite volti 1.3. Mwaka uliofuata Ryzen 9000 zikapimwa na kuonekana hazijasogea sana, halafu sasisho la Windows likaziongezea kasi, bodi zake za X870 zikachelewa karibu miezi miwili, na prosesa ambayo wacheza gemu walikuwa wakiitaka, 9800X3D, ikafika tarehe 7 Novemba 2024 kwa dola 479. Aliyekimbilia 9700X mwezi Agosti akabaki kuitazama.

Kwa hiyo tukishauri kusubiri, tunasema hivi: tarehe ikitangazwa rasmi na ni ndani ya miezi miwili, subiri, ikiwa ni tetesi tu, nunua unachokihitaji leo. Bidhaa ikishatoka, ongeza wiki 6 hadi 8, bodi zipate BIOS ya pili au ya tatu.

Ukiagiza kutoka nje, muulize muuzaji kwa maandishi nani anabeba gharama ya kurudisha mzigo. Ukiupokea, fungua soketi mbele ya aliyeleta na uipige picha ya karibu kwa mwanga wa pembeni. AM5 na Intel zina pini kwenye bodi, na pini moja iliyopinda huonekana kwa kutometa tofauti na safu yake. Kifuniko cha plastiki usikitupe. Bodi ikirudishwa bila hicho, wauzaji wengi hawapokei.