Kisiki cha mpera kwenye tenki ya futi tatu: uanzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua tenki ya kioo, sentimita 90 kwa 45 kwa 45, bado iko tupu. Nataka nifunge akwariamu ya mimea yenye gogo katikati, kama zile za Wajapani. Nina magogo mawili, moja nimeliokota beach Kigamboni, la pili ni kisiki cha mpera uliokatwa mwaka jana kwa bibi Kibaha. Hivi gogo halitaoza likaua samaki? Nianze na nini, na samaki naweza kuweka wiki hiyohiyo? Nilikuwa nafikiria goldfish au wale wa Ziwa Tanganyika. Maji natumia ya bomba, ya DAWASA. (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza tenki ikiwa bado tupu, maana simu nyingi ninazopokea ni za mtu ameshajaza maji, ameshaweka samaki kumi, afu ndo anauliza mbona maji yamekuwa kama chai ya rangi. Kwenye tenki ya namna hii gogo ndo linaamua mengine yote, linaamua maji yatakuwaje, mimea gani utaifunga, samaki gani wataweza kukaa humo, hata mchanga uumwage vipi. Kwa hiyo kabla hujanunua taa wala mmea hata mmoja, shughulika na gogo kwanza, na uanze leo, kwa sababu ndo kazi inayokula siku nyingi kuliko zote.

Lile la Kigamboni achana nalo. Limekaa baharini limekunywa chumvi mpaka ndani, unaweza kuliloweka mwezi mzima ukibadilisha maji na bado likawa linaachia kidogo kidogo, na zaidi ya hapo hujui ni mti gani, hujui kama ni kipande cha boti kilichopakwa rangi au dawa miaka hiyo. Na kama ni mzizi wa mkoko ndo usiuguse kabisa, mikoko ya pwani yetu ni misitu ya hifadhi, haivunwi bila kibali.

Mpera wa bibi ndo wenyewe. Ni mti mgumu, hauna utomvu wa kunata, na mizizi yake imejipinda vizuri bila mtu kuichonga. Hakikisha tu umekauka kweli, uliokatwa mwaka jana ukakaa juani mara nyingi unakuwa tayari, ila ukiukwangua ukaona ubichi au ukanusa harufu ya maji maji ya mti mbichi basi uache juani tena. Bandua gome lote, gome ndo linaoza kwanza na ndo linalochafua maji. Chukua bisbisi uchome choma kila mahali, ukifika sehemu inazama kama muhogo uliooza, ichonge yote uitoe mpaka ukutane na mti mgumu. Gogo gumu na kavu lililoandaliwa hivyo linakaa majini miaka na halimdhuru samaki, hapo usiwe na wasiwasi.

Na kwa wengine watakaosoma hapa wana miti mingine: usiweke mnyaa, usiweke utupa, hiyo miti wazee wetu walikuwa wanaitwanga wanamwaga mtoni samaki wanaelea juu wamelewa. Mwarobaini usiweke, ni sumu ya wadudu hiyo. Mkorosho na mwembe utomvu wake unababua ngozi ya mtu sembuse samaki. Msonobari nao una gundi yake. Mbao za dukani zilizopigwa dawa ya mchwa, hapana.

Sasa kuandaa. Sugua kisiki kwa brashi ngumu na maji matupu, sabuni isikaribie. Kikiingia kwenye sufuria kubwa ya pilau kichemshe saa moja mpaka mbili, mwaga maji, chemsha tena, hapo unaua wadudu na mayai yao na maji yanapenya ndani ya mti. Kisipoingia, mwagia maji yanayochemka upande huu afu upande ule, mara nyingi. Kisha kizamishe kwenye pipa, weka jiwe zito juu, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu. Maji ya kwanza yatatoka meusi kabisa, ya wiki ya pili yatakuwa kama chai ya rangi, baadaye manjano kidogo. Utajua kimeiva siku utakapotoa lile jiwe jioni, ukaamka asubuhi ukakikuta bado kimelala chini. Kuna visiki vinachukua wiki mbili, vingine mwezi na ushee.

Usikwepe hatua hii. Kuna tenki niliwahi kuifunga kwa haraka maana mwenyewe alikuwa na shughuli nyumbani kwake Jumamosi, gogo lilikuwa limeloweka siku nne tu, nikalikandamiza kwa mawe nikaona limetulia. Usiku likachomoka, likapanda juu na mimea yote niliyoifunga, mchanga wa nyuma ukamwagikia mbele, na jiwe moja likaangukia kioo cha chini. Bahati kioo hakikupasuka. Tangu siku hiyo gogo lisilozama lenyewe siliingizi, au kama mteja ana haraka kweli nalifunga chini kwenye jiwe bapa kwa skrubu ya stenlesi (ya kawaida itashika kutu) afu jiwe nalizika kwenye mchanga.

Wakati kisiki kiko kwenye pipa, tafuta mahali pa tenki. Hesabu yako 90 mara 45 mara 45 inakuja lita 182 na lita moja ya maji ni kilo moja, ongeza kioo, mchanga na kisiki, unavuka kilo 200 kirahisi, yaani mifuko minne ya simenti inakaa sehemu moja usiku na mchana. Meza ya tivii haiwezi, tengeneza stendi ya chuma au mbao nzito, pima kwa pimamaji ilale sawasawa, na chini ya kioo weka lile povu jeupe gumu la kwenye maboksi ya friji. Na iwe mbali na dirisha, jua la Dar likipiga humo hata saa mbili kwa siku utafuga mwani tu.

Mchanga chukua wa mto, chembe za milimita 2 au 3, wa bahari una vipande vya makombe na unafanya maji yawe magumu. Ukitaka kujua, chukua kiganja kimoja kikavu umwagie siki, ukiona unatoa povu na kuchemka chemka, una chokaa, utupe. Kwa tenki yako ukiweka sentimita 3 mbele na 8 nyuma unahitaji ndoo moja ya lita 20 na kidogo juu yake. Uoshe mpaka maji yatoke meupe, na hapa vumilia, mi huwa naosha ndoo moja karibu saa nzima. Udongo wa rutuba usihangaike nao kwa tenki ya kwanza, na samadi au urea ndo kabisa usiweke, urea inageuka amonia humo ndani na amonia inaua. Ntakwambia kwa nini huhitaji udongo.

Kisiki usikiweke katikati. Najua umesema unakitaka katikati, lakini gawa urefu wa tenki mara tatu, kwako kila fungu ni sentimita 30, kitako cha kisiki kiwe pale fungu la kwanza linapokutana na la pili, mizizi mirefu ielekee upande uliobaki wazi. Hiyo ndo siri kubwa ya zile tenki za Wajapani unazozisema. Takashi Amano, yule Mjapani aliyeanzisha mtindo huu wote, kabla ya kufariki 2015 alifunga tenki moja Lisbon kule Ureno yenye urefu wa mita 40 na lita 160,000, magogo yamejaa, lakini ukitazama picha zake kuna nafasi kubwa za wazi ambazo jicho linapumzika. Na we acha mchanga mtupu upande mmoja. Panga tenki ikiwa bado haina maji, rudi nyuma hatua tatu utazame, piga picha, geuza, tazama tena, hata siku mbili zipite.

Mimea sasa, na hapa ndo utaona faida ya kisiki. Mimea inayofaa zaidi kwa gogo haipandwi kwenye mchanga, inafungwa kwenye mti wenyewe na inakula kutoka kwenye maji. Anubias ni wa kwetu Afrika, kwao ni mito ya Afrika Magharibi na Kati, una majani magumu, hautaki taa kali, hautaki kuwekewa gesi ya kaboni dioksidi. Ukiushika utaona una shina nene linalolala, linafanana na tangawizi, mizizi inaning'inia chini yake. Hiyo tangawizi usiifukie kamwe kwenye mchanga, itaoza ndani ya wiki chache na mmea mzima utakufa. Bana mizizi kwenye mpasuko wa kisiki, zungushia uzi mweusi wa kushonea mara tatu nne bila kukaza sana, au weka tone la supagluu ya jeli kwenye mzizi, bonyeza hesabu mpaka 30, ikishakauka haina madhara kwa samaki. Baada ya miezi miwili mizizi inakuwa imekumbatia mti yenyewe. Mmea wa Fern ya Java na mosi, ile inayotambaa kama zulia la kijani, ni hivyohivyo. Nyuma kwenye mchanga panda Vallisneria, ule wenye majani kama utepe, hata kwenye maziwa yetu upo. Ongeza na Ceratophyllum, inaelea tu na inakua haraka, inakula uchafu wa mwanzo kabla mwani haujaufikia, ukishatulia unaipunguza.

Kupanda, weka maji kina cha vidole vitatu tu, mimea uipulizie maji isikauke, ukimaliza tandaza mfuko wa plastiki juu ya mchanga afu mimina maji taratibu juu ya mfuko. Maji ya DAWASA yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye mapipa wazi siku nzima au tumia dawa ya kuondoa klorini ya duka la samaki. Taa ya LED nyeupe, saa 6 kwa siku wiki mbili za kwanza, baadaye panda mpaka 8, weka taima maana mkono utasahau.

Wiki ya pili hivi utaona kitu kitakachokutisha, kisiki kitaota utando mweupe mzito, unateleza, unacheza cheza na mkondo wa maji, kama ngozi ya juu ya uji uliopoa. Watu wengi wanalitupa gogo hapo. Usilitupe! Ni bakteria na kuvu wanakula sukari iliyobaki kwenye mti, hawana madhara, wakimaliza chakula wanaondoka wenyewe ndani ya wiki chache. Ukikuudhi usugue kwa mswaki na uuvute na mpira wakati wa kubadilisha maji. Maji yakigeuka manjano nayo ni tanini tu, rangi inayotoka kwenye mti, samaki kama betta wanaipenda hiyo, tena huko Ulaya wananunua kwa pakiti majani makavu ya mkungu ili maji yawe na rangi hiyo, haya haya tunayofagia kila asubuhi chini ya miti hapa Dar. Usipoipenda, weka kaboni ya filta, sio mkaa wa jikoni. Na baadhi ya majani ya mimea yatayeyuka mwanzoni kwa sababu mingi ilikuzwa nje ya maji, kata yaliyokufa, shina liache lichipue upya.

Samaki wiki hiyohiyo, hapana. Filta ikishawaka, tupia chembe chache za chakula cha samaki kila siku, zikioza zinatoa amonia, ili bakteria wapate kazi. Kundi moja la bakteria linageuza amonia kuwa nitriti, lingine linageuza nitriti kuwa nitrati inayoliwa na mimea, na hao wanahitaji wiki 4 mpaka 6 kujijenga. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka filta ya mtu mwenye tenki yenye afya, kiweke kwenye filta yako, unaokoa siku nyingi. Pima maji, amonia na nitriti zikisoma 0 kwa siku kadhaa mfululizo, ingiza samaki sita, subiri wiki mbili, ongeza wengine.

Goldfish watakula mimea na kung'oa mchanga, wanachafua sana na wanapenda maji ya baridi kuliko yetu. Wa Ziwa Tanganyika nawapenda mno, ila maji ya ziwa lile yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu na 9 na kisiki chako kitakuwa kinavuta pH kushuka, afu wengi wao ni wachimbaji. Wale wafungie tenki yao ya mawe siku nyingine. Hii jaza tetra wadogo wa kundi, guppy, na corydoras wa chini.

Hita huhitaji hapo Tabata, wa Arusha na Mbeya ndo wanunue. Shida yako ni joto la Desemba mpaka Machi, maji yakipita nyuzi 29 toa mfuniko, weka feni ndogo ipulize juu ya maji, inashusha nyuzi mbili hivi, ila utajazia maji kila siku. Umeme ukikatika usiku ni hatari zaidi ya mchana kwa sababu gizani mimea nayo inavuta oksijeni, kwa hiyo nunua pampu ndogo ya hewa ya betri uiweke droo ya karibu, na usilishe samaki mpaka umeme urudi.

Mimea utakayokuwa unapunguza usiimwage mtaroni wala Mto Msimbazi, Ziwa Victoria lilivamiwa na magugu maji ambayo asili yake ni mmea wa mapambo kutoka Amerika Kusini. Ianike juani ikauke kabisa ndo uitupe na takataka za nyumbani.