Re: Prototaipu kwenye RPG ni ya nini, kama CALL ya zamani inafanya kazi?

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye RPG, lugha ya programu ya mashine za IBM i, uandike dcl-pr (prototaipu, yaani tangazo la data ambayo programu inayoitwa inasubiri) wakati amri za zamani CALL na PARM zinaita programu nyingine na kuipa data bila shida. Shida ipo, ila imejificha. CALL haikagui kitu. RPG kwa kawaida hupeleka anwani ya data kwenye memori, si data yenyewe. Ukipeleka packed(9:2), yaani namba ya tarakimu 9, 2 kati yake za desimali, ambayo ni baiti 5, kwa programu inayosubiri packed(15:2), yenyewe itasoma baiti 8. Hizo 3 za ziada ni uchafu wa jirani. Mimi iliniangusha usiku wa mishahara, tena baada ya miezi ya kwenda salama.

Andika hivi (extpgm inataja programu ya nje inayoitwa, const inaahidi kwamba haitabadilisha data):

dcl-pr PigaKodi extpgm('PIGAKODI');
  mshahara packed(15:2) const;
end-pr;

Sasa kompaila ndiye askari wa getini. Kwa sababu ya const, ile 9:2 yako itanakiliwa kwenye 15:2 ya muda, na hata PigaKodi(850000) itapita. Bila const, kompaila atakataa.

Prototaipu iweke kwenye faili moja, uivute kwa /copy (amri ya kuingiza faili kwenye kodi), pia ndani ya PIGAKODI yenyewe, ili prototaipu ikitofautiana na data ambayo programu inapokea ujue mapema. Value (kupeleka data yenyewe badala ya anwani) usiijaribu hapa, extpgm haiikubali.