Programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta: ya kujua kabla hujaanza kuzima

Mtu akikuletea kompyuta na kusema inachelewa kuwaka, muulize kwanza inachelewa wapi, kabla ya kuweka nenosiri au baada yake. Ikiwa inakwama kabla, programu za kujiwasha hazina lawama kubwa. Hapo tazama BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows), diski, draiva (programu zinazoendesha vifaa) na huduma za mfumo (programu zinazofanya kazi chinichini). Ikiwa deskitopu inatokea upesi lakini kila unachobofya hakifunguki kwa dakika nzima, hapo ndipo programu za kujiwasha huwa zimejazana. Wanaoanza kazi hii hulipita swali hilo, wanazima kila wanachokiona kwenye orodha, na mwisho kompyuta inabaki na uzito wake uleule, ila sasa hata padi ya kugusa imepoteza nusu ya uwezo wake.

Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Katika Windows 10 nenda kwenye kichupo cha Startup (kama hukioni, bofya More details chini ya dirisha). Katika Windows 11 kiko upande wa kushoto kwa jina la Startup apps. Kabla hujagusa chochote, soma pembeni juu palipoandikwa Last BIOS time. Hizo ni sekunde ambazo mashine ilitumia kabla ya kuikabidhi Windows kazi. Ukikuta 20 hapo, hakuna programu utakayoizima ikazipunguza.

Safu ya Startup impact huwatisha wageni bure. Programu huandikiwa High ikitumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa au ikisoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka. Kwa mashine za sasa hicho ni kiasi kidogo, kwa hiyo High maana yake si kwamba programu ni mbaya. Shida huja zikiwa nyingi kwa pamoja, hasa kwenye diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea hulazimika kuhamahama kati ya faili za programu kumi zinazodai kusomwa kwa wakati mmoja. Task Manager ikionesha diski iko asilimia 100 kwa muda mrefu baada ya kuingia, umeshampata mchawi. Kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) utapata nafuu ndogo zaidi, na faida kubwa itakuwa kumbukumbu ya RAM inayobaki wazi. Mwambie mwenye mashine hivyo mapema, asije akatarajia maajabu.

Bofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, kisha uongeze safu ya Command line. Sasa unaona kila kinachojiwasha kinatoka folda gani, na hiyo inakusaidia kuliko jina. Mara nyingine utakuta kitu kinachoitwa Program tu, hakina alama wala mtengenezaji. Usikimbilie kusema ni virusi. Mara nyingi ni mabaki ya programu iliyoondolewa, au njia ya faili yenye nafasi, kama C:\Program Files, iliyoandikwa bila alama za kunukuu, Windows ikaishia kwenye neno la kwanza.

Nini kizimwe? Programu za mazungumzo na mikutano, za muziki, za kufungulia michezo, visaidizi vya printa, na vivinjari vinavyojipakia mapema ili vionekane vya haraka: vyote hivi vinaweza kusubiri mpaka mtu avihitaji. Usizime antivirasi, programu za padi ya kugusa, za sauti na za vitufe maalumu vya kibodi. Programu ya kupeleka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni ina hatari ya kimyakimya: ukiizima, kompyuta inawaka vizuri na hakuna ujumbe wowote wa kosa, lakini faili za mwenyewe hazinakiliwi tena mpaka atakapoifungua kwa mkono. Hiyo usiizime bila kumuuliza. Vilevile visasishi: ukizuia kisasishi cha kivinjari umezuia viraka vya usalama, kwa akiba isiyo na maana.

Kuzima si kufuta. Ukichagua Disable, Windows inaweka alama tu kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio yake) kwamba programu hiyo isiwashwe. Ukichagua Enable inarudi. Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kuingia kwenye rejista kufuta vitu chini ya ufunguo wa Run, mahali programu za kujiwasha zinapoorodheshwa, ingawa video nyingi hufundisha hivyo. Ukifuta hapo, huna pa kurudia.

Orodha ya Task Manager haioneshi kila kitu. Inachukua funguo za Run na folda za Startup (bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup kwa mtumiaji mmoja, au shell:common startup kwa watumiaji wote). Huduma zina dirisha lake, services.msc, na kazi zilizopangiwa kuanza mtu anapoingia zimo kwenye taskschd.msc. Ukitaka kuona vyote mahali pamoja, tumia Autoruns, moja ya zana za Sysinternals, ambayo Microsoft inaitoa bure. Ifungue kwa haki za msimamizi, weka Hide Microsoft Entries kwenye menyu ya Options, na uhifadhi orodha ya mwanzo kama faili ili baadaye uilinganishe. Ondoa tiki, usifute mstari. Vichupo vya Drivers, Boot Execute na Winlogon usiviguse kabisa mpaka uwe na uhakika. Thamani ya Userinit, inayoiambia Windows iendeshe nini mtu akishaingia, ikiharibika, mtu anaweka nenosiri, anaingia, na papo hapo anatolewa nje.

Huduma nazo zinataka utulivu. Badala ya Disabled, jaribu kwanza Manual, ili huduma iamke ikiitwa, au Automatic (Delayed Start), inayoisogeza mbele kwa takriban dakika 2. Ukitumia msconfig (dirisha la Windows la kurekebisha jinsi inavyowaka), weka tiki kwenye Hide all Microsoft services kabla ya kubofya Disable all. Humohumo, kwenye kichupo cha Boot, kuna sehemu ya Number of processors ambayo watu hudai inaongeza kasi. Haiongezi, inaweka kikomo, na bila kuiwekea tiki Windows hutumia viini vyote vya prosesa vilivyopo.

Kujaribu matokeo pia kuna namna yake. Tangu Windows 8, Fast Startup ikiwa imewashwa, Shut down haizimi mfumo kikamilifu: kiini cha mfumo (kernel) huhifadhiwa kwenye faili ya hiberfil.sys na kurudishwa baadaye. Ukitaka kipimo cha kweli chagua Restart. Unaweza kulihakiki hilo kwenye Task Manager, sehemu ya Performance, CPU: Up time hairudi sifuri baada ya Shut down ya aina hiyo. Zima programu mbili au tatu, washa upya, tumia mashine kidogo, ndipo uendelee. Ukizima kumi na tano kwa mkupuo na kitu kikaharibika, utatafuta mkosaji siku nzima.

Kuna zinazorudi hata baada ya kuzimwa. Kwa kawaida ni programu yenyewe inayojiandikisha upya kila ikifunguliwa au ikisasishwa, basi izimie kwenye mipangilio yake ya ndani kwanza. Kama yanayorudi ni madirisha yaliyokuwa wazi jana, sababu ni nyingine: nenda Settings, Accounts, Sign-in options, uzime kuhifadhi na kufungua upya programu baada ya kuingia. Lakini faili yenye jina linalofanana na la mfumo, inayojiwasha kutoka folda ya Temp na kurudi kila ukiizima, ishughulikie kama maambukizi. Kuizima tu hakutoshi.

Kwenye Mac, kuanzia macOS 13, fungua System Settings, General, Login Items. Humo zimo za kufunguka mtu anapoingia na zinazoruhusiwa kufanya kazi chinichini. Zile kaidi zitafute kwenye folda za LaunchAgents na LaunchDaemons ndani ya Library. Kwenye Linux nyingi tazama ~/.config/autostart kwa programu za mtumiaji, na kwa huduma andika systemd-analyze blame uone kila moja ilitumia muda gani kuanza. Isome orodha hiyo kwa uangalifu, kwani huduma nyingi huanza sambamba na ya juu kabisa si lazima iwe ndiyo iliyochelewesha. Amri ya systemd-analyze critical-chain ndiyo inayoonesha zile zilizosubiriwa na wenzake.