Jibu: Betri mpya zinakufa mfululizo

Mkuu, umesema betri mbili mpya za pikipiki yako zimekufa ndani ya mwezi. Usinunue ya tatu kwanza.

Ichaji betri uliyonayo ijae, iache saa kadhaa, uipime kwa mita ya umeme (multimeter): iwe karibu volti 12.7. Washa injini, vuta mafuta hadi mizunguko 5000 hivi kwa dakika, mita ikiwa kwenye betri. Ikisoma 13.5 hadi 14.5, chaji ipo. Tafuta kinachonyonya umeme pikipiki ikiwa imezimwa (mimi huanza na alamu). Ikipita 15, regyuleta (kifaa kinachodhibiti volti za chaji) haizuii tena, ndiyo inayochemsha betri zako.

Volti zisipopanda kabisa, chomoa soketi ya nyaya tatu za koili ya chaji (inayozalisha umeme injini ikizunguka), mara nyingi ni za njano. Itazame kwa macho kabla ya mita: pini iliyoungua au plastiki iliyoyeyuka ni ugonjwa wa kawaida mno. Kisha weka mita kwenye volti za AC (umeme wa koili, si wa betri), pima kila jozi ya nyaya hizo kwa mizunguko ileile. Zote tatu zilingane; moja ikiwa chini sana, koili imeungua. Zima injini uhakikishe kwa mita kuwa hakuna waya wa njano unaogusana na bodi.

Koili ikiwa nzima, imebaki regyuleta au waya wake wa hasi. Anza na waya, ni bure.