Maswali ya tamthiliya: kilele kiko wapi, na nani lazima afe?

Maswali yamekuwa mengi, mengine ya watoto wa shule na mengine ya watu wa vikundi vya maigizo, nimeokota matano, twende.

Shikamoo mwalimu. Hivi kila tamthiliya lazima iwe na ule mlima wa utangulizi, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka na suluhisho? Kuna nyingine nasoma siuoni kabisa.

Marahaba. Ule mlima ulichorwa na Mjerumani, Gustav Freytag, mwaka 1863, na alikuwa anaangalia michezo ya Wagiriki wa kale na ya Shakespeare, kwa hiyo usishangae kwingine ukigoma. Ila hata unapokaa vizuri watu wanakosea kilele. Chukua Juliasi Kaizari ya Shakespeare, ile aliyotafsiri Mwalimu Nyerere. Mchezo una sehemu tano, Kaizari anachomwa visu sehemu ya tatu, na wanafunzi wengi wanaandika hapo ndo kilele. Mi sikubaliani. Angalia kinachofuata: Brutus, mmoja wa wauaji, anawahutubia raia, wanamshangilia, halafu anamruhusu Antony, rafiki wa Kaizari, naye aseme maneno ya mazishi, na yeye Brutus anaondoka zake, anamwachia uwanja! Antony anaanza taratibu, anasema Brutus ni muungwana, anarudia, anarudia tena, na kila akirudia ile sifa inazidi kuchacha, anawaonyesha joho la marehemu lenye matundu ya visu, anawasomea wosia, mpaka watu wanatoka mbio kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Kabla ya hapo Brutus alikuwa bado ana nafasi ya kushinda, baada ya hapo hana, ni kukimbia tu mpaka anakufa sehemu ya tano. Kwa hiyo ukitafuta kilele usihesabu damu, tafuta pale ambapo mhusika hawezi tena kurudi alikotoka.

Sasa mlima huohuo upeleke kwa Waiting for Godot ya Beckett, iliyoigizwa mara ya kwanza Paris mwaka 1953, utahangaika bure. Watu wawili wanamsubiri Godot, haji, sehemu ya pili wanamsubiri tena, haji. Hapo usilazimishe mlima, eleza kwamba mchezo unazunguka palepale na useme huko kuzunguka kunatufanya tujisikieje.

Tanzia ni mchezo ambao shujaa anakufa mwishoni, sahihi?

Nusu tu. Mfalme Edipode wa Sophocles, Mgiriki wa kale, mchezo unaisha yuko hai, kajitoboa macho. Anayekufa ni mkewe Jocasta ambaye ndo mama yake mzazi, na hata hicho kifo hatukioni, mtu anatoka ndani anakuja kutusimulia. Kinachoifanya tanzia ni kwamba balaa Edipode kalifuata kwa miguu yake, alikuwa anamsaka aliyemuua mfalme wa zamani, akaambiwa acha, akang'ang'ana, kumbe muuaji ni yeye. Aristotle alisema tanzia inatutia huruma na hofu kwa pamoja. Mtu akigongwa na bodaboda akiwa anavuka barabara inauma sana ila siyo tanzia ya jukwaani.

Huku kwetu nenda kwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), ya Vita vya Majimaji, ambapo watu waliamini maji ya dawa yatawakinga na risasi za Wajerumani. Maji yanakuwa na nguvu kuliko yule aliyeyaleta, anataka watu wasubiri, hawasubiri, na mwisho akiwa mikononi mwa Wajerumani anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, anakataa, na wakati huo yeye mwenyewe alishaanza kuyatilia shaka. Kinjeketile wa kwenye historia alinyongwa mwaka 1905, ila kwenye mchezo uzito wote uko kwenye lile kataa.

Komedi, kichekesho na melodrama tunavichanganya darasani.

Komedi inatuchekesha kwa tabia ya mtu, bahili au mjivuni, anajikoroga mpaka mkorogo unafumbuka na mwisho watu wanapatana au wanaoana. Kichekesho kinabebwa na tukio lenyewe, mtu kajificha kabatini, mwenye nyumba kaingia, halafu chafya hiyoo. Melodrama mwema ni malaika, mbaya ni shetani, na muziki unakwambia lini ulie, washa TV usiku utaziona nyingi tu. Tanzia-ramsa (ramsa ndo hiyo komedi) inachanganya kilio na kicheko, Godot ya hapo juu Beckett aliiweka humo.

Yale maelekezo ya kwenye mabano tunayaruka tukisoma kwa zamu, kuna shida?

Kubwa. "(Anakaa kimya)" inaweza kuwa ndo jibu la swali aliloulizwa. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuyasoma.

Naandika mchezo wa dakika ishirini wa mahafali ya shule, nianzeje?

Kwanza usianze hivi, maana naziona skripti nyingi za namna hii:

MAMA: Mwanangu, kama unavyojua, baba yako alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia shamba hili, na baba yako mdogo analitaka.

Si anajua? Mbona unamwambia? Hapo unaongea na watazamaji kupitia mgongo wa mtoto. Sasa jaribu hivi: mama anapepeta mchele, baba mdogo anaingia bila hodi na kamba ya kupimia, anaanza kupima kuanzia pale kwenye ungo.

MTOTO: Mama, baba mdogo anapima nini?
MAMA: Muulize mwenyewe.

Hapo tumeshajua kuna ugomvi, tumeshajua mama anaogopa au amechoka, na kila mtu anataka kuona huyo bwana atafanya nini akifika ukutani. Habari ya marehemu itakuja yenyewe watu wakianza kurushiana maneno. Kwa dakika ishirini wahusika wanne wanatosha, mahali pawe pamoja, usibadilishe mandhari maana mahafali mengi hayana pazia, na mchezo ukianza wageni bado wanatafuta viti, kwa hiyo ile kamba iwe ndefu na ionekane mpaka nyuma.